Kalamu ya Karani na Mkono wa Kibarua

Kwa Ndugu Wanachama, na makarani wote wa Kilwa na Lindi.

Ndugu zangu,

Neno ninalotaka kulinena leo wengi wetu twalijua, ila wachache twapenda kulisema, nalo ni fidia ya mtu aumiaye kazini. Desturi yetu ni kuwalaumu matajiri, na lawama hiyo siiondoi, maana yawastahili. Lakini nauliza: karatasi ya ajali huandikwa na nani? Daftari la mishahara hushikwa na nani? Tajiri hutia sahihi tu. Mwenye kuandika ni karani.

Tukumbuke kwanza habari za zamani. Mwaka 1884 Wadachi, ndio Wajerumani, walitunga kwao Ulaya sheria ya bima ya ajali, ili mtu wa kiwandani aumiapo atibiwe na kulipwa, na gharama zitoke kwa waajiri walioungana pamoja. Watu wa taifa lile lile walipotawala pwani yetu, waliwalazimisha wazee wetu wa Kilwa na Matumbi kulima pamba, hata vita vya Maji Maji vikazuka mwaka 1905. Rehema waliyowapa watu wao hawakuipakia merikebuni kuja nayo huku.

Tanganyika ilipata sheria ya fidia katika zamani za Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo ndiyo iliyojulikana kwa jina la Sura ya 263. Ilidumu miaka mingi hata baada ya Uhuru, lakini thamani ya fedha ilishuka na viwango vyake visisogee, hata malipo ya juu ya mtu aliyepata kilema yakawa shilingi 108,000 tu. Ndipo ikaja Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kupokea michango mwezi wa Julai 2015.

Kazi ya Mfuko ni nyepesi kufahamu. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe Serikali au mtu binafsi, sharti atoe mchango kila mwezi kwa kadiri ya mishahara anayolipa. Waajiri binafsi walianza kwa asilimia 1, na mwaka 2022 kiwango kikateremshwa hata nusu ya asilimia. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, wala si halali kuukata katika mshahara wa mtu. Mfanyakazi akiumia, Mfuko hulipa matibabu. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hupata asilimia 70 ya mshahara wake, muda usiozidi miezi 24. Akipata kilema kikubwa, hupewa pensheni. Akifa, wategemezi wake hutunzwa. Mwajiri naye sharti apeleke habari ya ajali upesi, ndani ya siku 7.

Matajiri husema, "Gharama zatuelemea." Basi wengine hutafuta nafuu kwa njia tatu za gizani: kumwacha kibarua nje ya orodha, kuandika mshahara pungufu, na kuificha ajali. Na zote tatu hupita katika kalamu yetu.

Hebu tufanye hesabu. Mtu apokea shilingi 600,000 kwa mwezi, nawe kwa amri ya bwana wako waandika 400,000. Mchango ulikuwa uwe 3,000, sasa ni 2,000. Bwana amepata faida ya shilingi 1,000. Siku mtu huyo avunjikapo mguu, alistahili 420,000 kwa mwezi, naye atapata 280,000. Amepoteza 140,000 kila mwezi, ili mwingine apate elfu moja. Ewe karani uliyesoma hesabu kwa wamisheni, biashara hii waionaje?

Msidhani nasema haya kama mtu asiye na doa. Kabla sijaingia kazi ya Serikali nilikuwa karani wa ghala moja la korosho katika pwani hii. Kibarua mmoja aliangukiwa na magunia, mkono wake ukapondeka. Jina lake halikuwamo katika orodha yoyote iliyopelekwa mbele. Bwana alimpa nauli na unga kidogo arudi kwao, nami nikaambiwa niandike, "Ameacha kazi kwa hiari yake." Nikaandika, kwa mwandiko mzuri. Nimepata kumwona tena sokoni akiuza ndimu kwa mkono mmoja. Akaniamkia kwa heshima, kwani hajui nilichoandika. Mimi najua.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwajiri asipunguze gharama. Apunguze, lakini kwa njia ya haki, na njia hiyo ni kuzuia ajali isitokee. Mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi. Basi anunue glavu kabla ya kununua dawa. Mashine ya mkonge ifungwe kinga yake. Magunia yapangwe yasiporomoke. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka ayafanye haya, na hata kama isingemtaka, faida ni yake, kwani mtu mzima anayejua kazi ni nafuu kuliko mgeni afundishwaye upya huku mashine imesimama. Na alipe mchango kwa wakati, maana achelewaye hutozwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta huu hujengwa kwa mifupa ya watu.

Nasi tulio makarani wa Serikali tusijione tumekaa kivulini. Sheria ni hiyo hiyo kwetu. Atumwaye kwa pikipiki kutoka Masoko kwenda Kivinje akaanguka njiani, haki yake itasimama juu ya karatasi itakayoandikwa na karani mwenzake.

Basi naomba mambo matatu kwa kila mwanachama. Kwanza, kila atendaye kazi aandikwe, hata kama ni kibarua wa siku tatu. Pili, mshahara uandikwe kama ulivyo. Tatu, ajali ipelekwe siku ile ile, na aliyeumia aambiwe haki yake kwa lugha anayoifahamu, wala asiachwe miezi 12 ikapita kabla hajadai. Na karani atakayeamriwa kuandika uongo akakataa, chama hiki kisimwache peke yake. Kama kitamwacha, ada zetu za kila mwezi ni za nini?

Ni mimi ndugu yenu katika kazi,
Karani, Lindi.