Vijana na Elimu ya Kipimo

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametueleza katika Sura ya Sabaa kwamba alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamuru aunde deraya na akadirie vyema uunganishaji wa pete zake. Angalieni, enyi wazazi: ulaini wa chuma ulikuwa neema, lakini kupima aliamrishwa Nabii apime mwenyewe.

Twakumbusha haya kwa kuwa wapo vijana wanaotamani kuunda roboti, na wapo wazee wadhanio kuwa huo ni mchezo. Si mchezo. Kiungo cha roboti kisichopatikana dukani huweza kuchorwa kwa programu kama FreeCAD, ambayo hutolewa bure, wala haihitaji intaneti ikishawekwa katika kompyuta. Kijana huchora umbo bapa, hulipa vipimo kwa milimita, kisha hulinyanyua likawa kitu chenye unene.

Lakini programu haikijui kitu kilichomo mkononi. Mhimili wa milimita 8 hauzunguki kwa wepesi katika tundu la milimita 8 kamili. Hapana budi tundu lizidi kidogo, na kadiri ya ziada hiyo hujulikana kwa kupima na kujaribu. Asiye na mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, na auchape mchoro katika karatasi kwa ukubwa wake halisi, aubandike juu ya ubao, akate kwa msumeno. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, naye alitumia vielelezo vya karatasi na vya mbao. Na miongoni mwa mashine zake imo ya kummiminia mfalme maji ya kutawadha.

Wala Ufipa si ngeni kwa ufundi. Wazee wa nchi hii waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Majembe ya kigeni yalipoenea, kazi ile ilififia. Elimu yake ilikuwa vichwani na mikononi mwa mafundi; leo twaonyeshwa magofu tu.

Basi mzazi mwenye kompyuta ampe mwanawe, wa kiume na wa kike, saa moja baada ya Alasiri. Na mwana aandike kila kipimo katika daftari, ili mdogo wake aanzie pale alipoishia yeye. Apunjaye mizani sokoni ameonywa vikali katika Kurani; fundi naye na aogope kupunja kipimo.

Wabillahi tawfiq.