Reli Imeisogeza Ngerengere. Je, Sisi Tumesogea?



Ngerengere si ngeni kwa reli. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapo na kufika Morogoro mwaka 1907. Ilipofika Juni 14, 2024, treni ya umeme ya reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili, na Ngerengere ikawa miongoni mwa vituo vyake, baada ya Pugu, Soga na Ruvu. Mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa.

Tunayataja haya katika ukurasa wa familia kwa kuwa wengi wetu tunaishi mjini ilhali wazazi wetu wamebaki vijijini. Udhuru wetu wa miaka mingi ulikuwa njia: foleni ya Barabara ya Morogoro, kisha kuchepuka kutoka barabara kuu, na siku nzima kwisha safarini. Udhuru huo sasa umepungua nguvu. Qur'ani Tukufu, katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa, imeunganisha ucha Mungu na kuchunga haki za jamaa. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema aliotendewa, bali ni yule anayeunga pale anapokatwa. Basi tusingoje kuitwa, na tusingoje msiba.

Hatusemi kuwa jambo hili ni jepesi kwa kila mfuko. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Ngerengere ilipangwa kuwa shilingi 9,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili watahitaji shilingi 27,000 kwenda, na kama hizo kurudi. Asiyeweza kuwachukua wote awapeleke kwa zamu: mwezi huu mtoto mmoja, mwezi mwingine mwenziwe. Mjukuu mmoja anayemjua bibi yake ni bora kuliko watano wanaomjua kwa picha za simu.

Wengine wanauliza: je, safari ya kukaa kitini kwa starehe bado ina ruhusa ya kupunguza swala? Naam, umbali wa safari ukitimia. Ruhusa hiyo imefungamana na safari, si na tabu yake. Sayyidna Umar (r.a.) alipouliza kuhusu kupunguza swala ilhali hofu imeondoka, Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, basi waipokee. Hata hivyo, safari yenyewe ni fupi. Mwenye kupanga vyema atawahi kuswali kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Aangalie zaidi Magharibi, ambayo wakati wake ni mfupi na rakaa zake tatu hazipunguzwi.

Neema hushukuriwa kwa kutumiwa katika yanayomridhisha aliyeitoa. Reli hiyo hiyo inayoturahisishia kurudi ndiyo inayowarahisishia vijana kuondoka. Tusiiache iwe njia ya upande mmoja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuunga udugu. Aamin.