LAINI YA SIMU NA LAINI TUNAKOLALA



Sisi wachumaji wa chai tuna laini mbili. Ya kwanza ni laini ya nyumba tunakolala baada ya kazi. Ya pili ni kile kikadi kidogo kilicho ndani ya simu. Habari za laini ya kwanza twazijadili na waajiri kila mara: paa lisivuje, maji yawe karibu, choo kiwe safi. Lakini habari za laini ya pili tumemwachia kila mtu na mfuko wake. Maoni yangu ni kwamba wakati umefika wa kuiingiza laini ya simu katika mkataba wa pamoja, karibu na nyumba na maji. Nitaeleza sababu.

Mtandao si kitu kigeni katika Kenya. Mwaka 2009 waya wa TEAMS, uliotoka Fujairah, ulifika Mombasa chini ya bahari, na ule wa SEACOM ukafika mwaka huo huo. Baadaye Serikali ikaeneza waya wake mpaka makao makuu ya kaunti. Kisha ikatangaza mpango mkubwa zaidi wa kufikia mwaka 2027: kilomita 100,000 za waya, vituo 25,000 vya mtandao wa bure kwa umma, na vituo 1,450 vya mafunzo na kazi za kompyuta. Mwaka 2023 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia kazi ya namna hii kwa dola milioni 390. Deni hilo litalipwa kwa kodi, na katika kodi hiyo imo ya mchumaji wa Kericho na wa Bomet. Basi yafaa tuulize: Je, waya huo utafika laini, au utaishia mjini?

Tuna haki ya kuuliza. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mjini watu 42 hivi katika kila 100 walitumia intaneti, na mashambani hawakupita 14. Wanaume walikuwa 25 katika 100, na wanawake 20. Sasa wewe mwanamke unayechuma chai shambani, jihesabu mwenyewe uko upande gani.

Watu wengine husema, "Lakini kila mtu ana simu." Ni kweli, wengi wanayo kabambe. Kabambe ni chombo kizuri. Hupokea pesa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na humwita daktari usiku. Lakini kuwa na simu si sawa na kuwa na mtandao wa kufaa. Mtandao wa kufaa ni ule unaoweza kuutumia kila siku, nyumbani kwako, kwa simu inayoweza kusoma na kuandika, kwa bei usiyolazimika kuitolea unga wa watoto. Anayepanda kilima jioni kutafuta wavu kwa sababu bonde na mikaratusi vimeuzuia, huyo bado hana.

Tutazame habari ya kazi yenyewe. Zamani kulikuwa na mizani ya kuning'inia na karani mwenye daftari. Mchumaji aliutazama mshale, akaona karani akiandika, na kama kilo zilipunguzwa aliteta hapo hapo. Leo katika mashamba makubwa mizani ni ya umeme na hesabu yaenda ofisini kwa mtandao. Mimi sipingi mizani ya umeme. Ikitumiwa vizuri yaweza kuwa ya haki kuliko kalamu ya karani. Lakini tazameni njia ya habari hiyo. Yatoka mgongoni kwetu, yaenda kwa meneja, na kwetu hairudi mpaka mwisho wa mwezi. Siku hiyo hakuna mtu anayekumbuka kilo za Jumanne ya pili. Malalamiko bila hesabu huitwa kelele.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yasema mfanyikazi apewe maandishi ya kuonyesha mshahara wake na kila kinachokatwa. Na makato siku hizi ni mengi: NSSF, ada ya nyumba, na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na kukata asilimia 2.75 ya mshahara. Kukatwa ni jambo moja, na pesa kufika zinakopelekwa ni jambo jingine. Mwenye mtandao aweza kuangalia mwenyewe kama michango yake imeingia. Asiye nao hujua siku anapofika hospitali na mtoto mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa kazi za Serikali. Cheti cha kuzaliwa, leseni, kitambulisho, vyote sasa hupitia eCitizen. Mchumaji hukosa siku moja ya kazi, hulipa gari mpaka Litein, Sotik au Kericho mjini, kisha humlipa kijana wa saiba amwandikie. Na huacha kwa kijana huyo nambari yake ya siri, maana hajui njia nyingine. Hasara hiyo haionekani katika karatasi ya mshahara, lakini ni mshahara unaopotea.

Sasa bei. Kipimo kinachotajwa na mataifa ni kwamba mtandao wa kawaida usizidi asilimia 2 ya pato la mwezi. Tufanye hesabu kwa mtu anayepata shilingi 10,000. Asilimia 2 ni shilingi 200. Lakini akinunua bando la shilingi 20 kila siku, mwezi mmoja ni shilingi 600, yaani asilimia 6. Maskini hununua kidogo kidogo, na cha kidogo kidogo ndicho ghali. Simu janja zilizoanza kuunganishwa Athi River mwaka 2023 zilitangazwa kwa shilingi 7,499. Kwa mtu huyo hiyo ni robo tatu ya mwezi. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ijapokuwa ilipunguza ushuru wa huduma za simu na intaneti kutoka asilimia 20 mpaka 15, bado iko VAT juu yake. Hapa si mwajiri peke yake wa kuulizwa. Serikali nayo yapaswa kujibu.

Liko neno moja ambalo wazee wetu hulisema, nalo ni la kweli. Husema mtandao umeleta kamari na mikopo ya simu, na vijana wameliwa mishahara kabla ya kuipokea. Ndiyo, hatari hiyo iko. Wakopeshaji wa simu walizidi mpaka ikapitishwa sheria mwaka 2021 ya kuwaweka chini ya Benki Kuu. Lakini nauliza: Kamari ilingoja chama kiombe mtandao? Ilikuja yenyewe, maana mwenye kutaka pesa zetu hakosi njia ya kutufikia. Kilichochelewa ni kile cha faida: masomo, soko, habari za haki zetu. Wakati wenzetu wanatafuta faida kwa simu zetu, sisi tusikae kimya.

Wengine watasema, "Mashine zinatunyang'anya kazi, nawe waleta habari za intaneti?" Ndugu, ni kwa sababu ya mashine nasema. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, kwa uchungu ambao kila mmoja wetu aujua. Moto haukuyamaliza mashauri ya mashine. Mashauri hayo yatamalizwa mezani, na mezani hushinda mwenye hesabu. Tena tumeona mashamba yakibadilisha mabwana: Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, mwaka 2023 James Finlay ikakubali kuuza kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Lipton nayo yaenda kwa Browns. Mwenye mtandao aliyasoma hayo siku ile ile. Asiye nao alingoja uvumi wa njiani, na uvumi hauna nambari wala tarehe.

Kwa hiyo naomba matawi yote yajadili mambo haya, ili yapelekwe wakati wa kufungua mkataba mpya:

1. Kila mwajiri apime wavu katika kila laini, pamoja na mwakilishi wa wafanyikazi. Palipo na giza, mwajiri na chama waandike pamoja kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Uko Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia ili mahali pasipo na faida pasiachwe. Laini zetu ni mahali pa namna hiyo.

2. Kila jioni mchumaji apelekewe kilo zake kwa ujumbe mfupi unaosomeka hata kwa kabambe. Na karatasi ya mshahara ipatikane vivyo hivyo, kwa Kiswahili.

3. Katika kila holi la laini kiwekwe chumba cha mtandao, wazi jioni na Jumapili, kwa wafanyikazi na watoto wao. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichozinduliwa mwaka 2023 chafundisha kwa mtandao. Mtoto wa mchumaji asikikose kwa sababu ya nyumba aliyozaliwa.

4. Vijana waliosoma walipwe kuwafundisha wakubwa wao, na wanawake watengewe saa zinazowafaa, si saa za kupika.

5. Simu zinunuliwe kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kwa riba inayojulikana.

6. Alama za vidole na habari zetu zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mtandao wa mwajiri usiwe jicho la kutazama nani anazungumza na chama.

Haya si sadaka wala anasa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri atoe nyumba nzuri au posho ya nyumba, na cha 32 chataka maji. Mambo hayo hayakuandikwa kwa sababu waajiri walituonea huruma. Yaliandikwa kwa sababu watu waliona kwamba mfanyikazi hawezi kuishi kama mtu bila hayo. Leo mtu asiye na mtandao hukosa cheti, hukosa hesabu ya jasho lake, na hukosa habari ya bwana anayemnunua.

Basi, mkutano wa tawi ukiitwa, usikae nyumbani. Njoo na karatasi: andika mahali wavu unapokosekana katika laini yenu, andika unatumia shilingi ngapi za bando kwa mwezi, na siku ngapi za kazi ulipoteza kwenda saiba. Mpe katibu wa tawi. Tukiwa na karatasi elfu moja za namna hiyo, hakuna mwajiri atakayeziita kelele.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Kericho