Alijibu Kila Neno, Lakini Hakumbuki



Mutu aliyepigwa shindano la mushipa ili ang'olewe jino gumu la nyuma hurudi nyumbani akisema: «Walinilaza. Sikusikia kitu.» Mara nyingi hakulala. Munganga alimwambia «Fungua kinywa», naye akafungua. Alimuuliza «Unaumia?», naye akajibu. Kisha akasahau yote.

Sababu ni dawa. Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na midazolamu iliyoifuata, hutuliza woga. Tena huzuia ubongo kuweka mambo mapya. Mugonjwa ni kama karani anayesikia vizuri lakini hana kalamu mukononi. Mambo yaliyopita kabla ya shindano anayakumbuka; yale yanayofuata ndiyo yanapotea. Na maumivu yenyewe yanazuiwa na dawa ingine, ile ya ganzi, inayopigwa karibu na jino.

Hatari iko wapi? Kazi ikiisha, munganga anatoa mashauri. Mugonjwa anatikisa kichwa: «Ndiyo, munganga.» Akifika nyumbani anasukutua kinywa kwa nguvu na kuvuta sigara. Damu iliyoganda kwenye shimo la jino inatoka, maumivu makali yanaanza. Ndipo anakasirika: «Hawakuniambia kitu!» Munganga anasema: «Nilimwambia, akanijibu.» Wote wawili wanasema kweli.

Kwa mawazo yetu, kusahau si kosa la mugonjwa. Kosa ni kumupa yeye peke yake maneno wakati kichwa chake hakiwezi kuyashika. Mashauri yatolewe kabla ya shindano, yaandikwe kwenye karatasi, tena yasomwe mbele ya mutu aliyemusindikiza. Na karatasi ya kukubali kazi hiyo itiwe sahihi kabla ya dawa kuingia, si nyuma.

Mama, siku hiyo wewe ndiwe akili ya nyumba. Mufuate bwana yako, usimungojee mulangoni. Uliza: kitambaa atakiuma mpaka saa ngapi? Dawa gani, mara ngapi? Atarudi siku gani? Damu ikikataa kukoma, pumzi ikiwa nzito, ao usingizi ukiwa muzito hata haamuki, murudishe hospitali mara moja.

Nawe mutumikaji utasema: «Nyuma ya masaa mawili nilijisikia muzima.» Lakini kichwa kinachosema «niko muzima» ni kile kile kisichokumbuka namna ulivyotoka kwenye kiti cha munganga. Usikiamini. Kwa masaa 24, ao zaidi kama munganga amesema, usiongoze kamioni wala piki-piki, usishike mashini, usishuke mugodini, usinywe pombe, usitie sahihi kwenye karatasi ya feza. Kule chini, mutu mumoja asiyekumbuka amri aliyopewa anaweza kuumiza kundi nzima.

Ninyi wakubwa wa kazi, mutumikaji akileta karatasi ya munganga, musimuhesabie uvivu. Siku moja ya kupumzika ni bei ndogo kuliko mukono uliokatwa.

Basi, kabla ya kwenda kutoa jino kwa shindano la mushipa, tafuta kwanza masikio ya pili. Yako siku hiyo yatasikia, lakini hayatashika.