Fedha Iliyokwisha Kuwekwa Mezani Si Mali ya Mchezaji Tena

Miongoni mwa wachezaji wa poka ya mtandaoni imeenea imani kwamba mtu aliyekwisha kuweka fedha nyingi mezani hapaswi kutupa karata zake, kwa kuwa akizitupa atakuwa ameitelekeza mali yake mwenyewe. Imani hiyo hujificha nyuma ya methali isemayo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hivyo huonekana kuwa ni ujasiri, ilhali kwa hakika ni kosa la hesabu linalowafilisi watu kidogo kidogo.

Katika Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa sana mtandaoni, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa awamu, kwanza tatu, halafu moja, na hatimaye ya mwisho. Kila awamu huwa na madau yanayoingia katika fungu, yaani jumla ya fedha zinazoshindaniwa, na anayewekewa dau aweza kulilipia, kuliongeza, au kutupa karata na kujitoa. Uamuzi huo haumsumbui mwenye karata bora wala mwenye karata duni. Humsumbua mwenye karata za katikati, ambazo hazitoshi kutegemewa wala si mbaya kiasi cha kutupwa bila kufikiri, na hapo ndipo imani hiyo inapoleta madhara.

Achukuliwe mchezaji ambaye, baada ya karata ya nne ya mezani kufunuliwa, ana kopa nne akijumlisha karata zake na za mezani, na atashinda iwapo tu karata ya mwisho itakuwa kopa ya tano. Kati ya karata 52 amekwisha kuona 6, kwa hiyo zimebaki 46 asizozijua, na 9 kati ya hizo ni kopa, yaani nafasi yake ya kushinda ni takriban asilimia 19.6. Ikiwa fungu lina dola 80 na mpinzani akaweka dau la dola 40, mchezaji huyo atalipa dola 40 ili kugombea jumla ya dola 160, jambo linalohitaji nafasi ya asilimia 25 ili asipate hasara; akilipia dau la namna hiyo mara 100, atapoteza kwa wastani takriban dola 870. Lakini mpinzani huyohuyo angeweka dola 20 tu, nafasi inayohitajika ingeshuka hadi chini ya asilimia 17, na kulipia kungekuwa na faida. Karata hazikubadilika, wala fedha alizokwisha kutoa hazikubadilika. Kilichobadilika ni bei ya kuendelea, na bei hiyo ndiyo inayostahili kupimwa.

Watetezi wa imani hiyo hudai kwamba fungu likiwa kubwa ni busara kuendelea, na dai hilo lina ukweli, kwani ukubwa wa fungu hupunguza nafasi inayohitajika. Hata hivyo, fungu halibagui dola ya mchezaji na dola ya mpinzani, na hesabu hubaki ileile hata kama fedha zote zilizomo zingekuwa zimewekwa na wengine. Ni kweli pia kwamba mwenye kopa nne aweza kutarajia malipo ya ziada baada ya kuipata ya tano, lakini katika mfano huo wa dau la dola 40 angehitaji kupata kwa wastani takriban dola 45 zaidi kila anaposhinda, na matarajio hayo yapaswa kujengwa juu ya mwenendo wa mpinzani, si juu ya uchungu wa kilichokwisha kutoka mfukoni. Isitoshe, kampuni inayoendesha mchezo hukata sehemu ya fungu, na makato hayo huzidi kuzidhoofisha karata za katikati.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walitangaza programu iitwayo Cepheus, iliyokaribia kabisa ukamilifu katika Texas Hold'em ya watu wawili yenye madau ya viwango maalumu, na programu hiyo hutupa karata bila haya wala majuto. Kutupa kila mara ni kosa pia, kwa sababu mwoga huonewa na wapinzani wenye kutisha bila karata. Lakini anayetupa kwa hesabu hajashindwa, bali amekataa kununua kwa bei ya juu kitu chenye thamani ndogo. Mtandaoni, ambako karata hugawiwa haraka na mtu aweza kucheza meza kadhaa kwa wakati mmoja, kosa dogo hurudiwa mara nyingi zaidi, na hasara yake huongezeka kwa kasi hiyohiyo.

Kwa hiyo methali inayomfaa mchezaji wa poka si ile ya kuvua nguo, bali ile isemayo kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipia, na ajiulize swali moja tu: je, nafasi iliyobaki ina thamani ya dola zinazodaiwa sasa? Ikiwa haina, azitupe karata hizo mara moja.