Lipia RAM, Usilipie Kibandiko cha i7

Nilinunua laptopu yangu ya kwanza ya kazi kwa sababu ya kibandiko. Kilikuwa kidogo, cha buluu, kimeandikwa Core i7, na kijana wa dukani alikuwa akikigonga kwa kidole kila nilipotaka kuuliza jambo lingine. "Bosi, hii ni i7. Kwa elfu 38 hutapata nyingine Nairobi hii." Mimi nilijua tu kwamba i7 inazidi i5, na i5 inazidi i3, kama namba za viatu. Nikatuma pesa kwa namba aliyonitajia, nikapewa mashine kwenye mfuko wa karatasi, nikapanda matatu nikijiona mjanja.

Hiyo ilikuwa 2022. Kazi yangu ni kuwawekea hesabu wenye biashara ndogo: duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, mama mmoja mwenye hoteli mbili. Anayejua VAT ya Kenya anajua tarehe 20 ya kila mwezi ni siku ya aina gani. Usiku wa tarehe 20 nilikuwa nimefungua taarifa ya malipo ya mteja kwenye Excel, ile faili ya ritani ya kuhakikiwa kabla ya kupakiwa, na kurasa kama kumi za kivinjari. Laptopu ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikakaa ikizunguka-zunguka. Ilipopata fahamu ilikuwa saa sita na dakika kumi usiku, na saiba ya mtaani ilishafungwa zamani. Faini ya kuchelewa ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile itakayozidi. Mteja hakuwa na kosa, kwa hivyo nililipa mimi.

Kesho yake nilimpelekea fundi mashine. Aliiwasha, akaangalia kitu kimoja tu kwenye skrini, akacheka. "Ni i7 kweli," akaniambia, "lakini ni ya 2012."

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao humwambia kila anayeniomba ushauri, na wengi hawaupendi: kwa kazi za kawaida za ofisi, jina i3, i5 au i7 ndilo jambo la mwisho la kuangalia. Angalia RAM. Angalia kama diski ni SSD. Angalia kizazi cha prosesa. Ukishamaliza hayo matatu, kama bado una pesa, haya, zungumza habari za i7.

Nianze na kizazi, maana ndicho kinachofichwa. Jina kamili la prosesa halipo kwenye kibandiko, lipo ndani. Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, chagua System, utaona kitu kama i7-3520M au i5-8250U. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ile ya kwanza ni kizazi cha 3, ya pili ni cha 8. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12. (Laptopu mpya kabisa za Intel siku hizi zinaitwa Core Ultra na majina mengine, lakini hizo si rahisi kukuuzia kama kitu cha zamani.)

Sasa tazama maajabu. i7-7500U ina kore mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, ina kore nne. Na ile i3-1215U, ambayo kijana wa dukani atakwambia ni ya watoto wa shule, ina kore sita. Ukienda na hesabu ya viatu utalipa zaidi ili upate kidogo.

Kizazi kina jambo lingine linalotuhusu sisi tunaotumia pesa kwa simu na benki kwa mtandao. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejisajili amewekewa nyongeza ya masasisho ya usalama ya muda tu. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, inakubali kwa jumla kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, na inataka kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ndiyo maana utakuta mashine za kizazi cha 4 na cha 6 zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia, nyingine zimewekwa Windows 11 kwa njia ya mkato. Zitawaka, zitafanya kazi, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba zitaendelea kupata masasisho. Kwenye mashine hiyo hiyo unafungua akaunti ya benki, barua pepe inayopokea nywila zako, na iTax. Mimi singeichukua hata nikipunguziwa elfu tano.

RAM ni meza ya kazi. Diski ni stoo. Ukiwa na meza ndogo, kila ukitaka karatasi mpya lazima uirudishe nyingine stoo kwanza, na hiyo safari ya kwenda na kurudi ndiyo unayoiona skrini ikiganda. Windows 11 yenyewe imewekewa 4GB kama kiwango cha chini kabisa. Hicho ni kiwango cha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Kwa mtu wa kuandika barua, kutuma ankara na kuangalia taarifa za malipo, 8GB inatosha, japo kwa kubanana. Kwa mtu kama mimi mwenye Excel kubwa, mkutano wa Zoom na kurasa ishirini za kivinjari kwa wakati mmoja, nenda 16GB bila kujiuliza mara mbili.

Na uliza swali hili kabla ya kuzungumza bei: RAM inaweza kuongezwa? Laptopu nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi, na MacBook Air za M1 na zilizofuata ni vivyo hivyo: ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Laptopu nene kidogo za ofisi mara nyingi zina nafasi mbili za RAM. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory. Mara nyingi utaona nafasi ngapi zimetumika. Ukiona moja kati ya mbili, umepata bahati. Nunua na 8GB leo, ongeza nyingine hapo mbeleni pesa ikipatikana.

Diski sitaki kuizungumzia sana kwa sababu haina mjadala. Diski ya zamani ya kuzunguka husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida karibu 500, na zile za NVMe huenda maelfu. Usinunue laptopu ya kazi isiyo na SSD. SSD ya 256GB inamtosha mtu wa hesabu na nyaraka. Muuzaji akikushawishi kwa "1TB, bosi, nafasi kubwa" wakati hiyo 1TB ni diski ya kuzunguka, mwambie asante. Jihadhari pia na eMMC, ambayo hupatikana kwenye laptopu mpya za bei ya chini. Ni ya polepole kuliko SSD, na kwa kawaida imechomelewa.

Fundi wangu, kwa njia, alinithibitishia haya kwa vitendo. Alitoa diski ya zamani kwenye ile i7 ya 2012, akaweka SSD, akaongeza RAM kutoka 4GB hadi 8GB. Prosesa hakuigusa. Mashine ile ile iliyonigharimu faini ikaanza kuwaka kabla sijamaliza kuvuta kiti, na ikanihudumia miaka mitatu zaidi, hadi habari za Windows 10 ziliponilazimu kutafuta nyingine.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu. Ukiwa na bajeti ndogo, kuna njia mbili: laptopu mpya ya bei ya chini, yenye Celeron, 4GB na eMMC, ikiwa kwenye boksi lake na nailoni yake, au laptopu iliyotumika, ile tunayoita ex-UK, ya daraja la ofisi kama ThinkPad, Latitude au EliteBook, ya kizazi cha 8 au zaidi. Mimi nasema chukua iliyotumika. Naelewa raha ya kufungua boksi, na naelewa anayeogopa kitu cha mtumba kwa sababu ameshawahi kupigwa. Lakini hizo mashine zilitengenezwa zidumu kwenye kampuni, zinafunguka kwa skrubu za kawaida, na vipuri vyake vimejaa mjini. Ile ya boksi utaichoka kabla ya mwaka kwisha, na hutaweza kuiongezea kitu.

Iliyotumika ina ugonjwa mmoja mkubwa: betri. Usikubali kuambiwa "inashika masaa manne". Fungua Command Prompt pale pale dukani, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti inayotokea. Kuna mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo uliobaki. Ukikuta 50,000 juu na 20,000 chini, hiyo betri imebaki na asilimia 40, na wewe unajua stima yetu. Ama wabadilishe betri au wapunguze bei. Kisha izime na uiwashe ukiingia BIOS, uhakikishe hakuna nywila ya kampuni ya zamani. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Unganisha na mtandao wa simu yako, piga video fupi. Muuzaji mzuri atakuletea kiti, na yule anayekuharakisha muachie laptopu yake.

Kuna wasiopaswa kunisikiliza. Mhariri wa video, mchoraji wa majengo, mtu wa 3D: nyinyi mnahitaji prosesa yenye nguvu, zile zinazoishia na herufi H, na kadi ya picha ya kujitegemea. Kwenu i7 ina maana. Lakini mwenye duka la dawa hahitaji mashine ya kuhariri filamu, na nimemwona mmoja akikopa kwa simu ili aongezee 15,000 apande kutoka i5 hadi i7. Tuseme ada ya mkopo ni asilimia 9 kwa siku 30. Hiyo ni 1,350 ya mwezi wa kwanza pekee, kwa nguvu ambayo Excel yake haitawahi kuiomba. Kama ni lazima ukope, afadhali iwe kwa ajili ya RAM.

Na kwa kuwa unasoma hapa, pengine utalipa kwa simu. Kosa langu la pili la 2022 halikuwa la laptopu, lilikuwa la malipo. Nilituma kwa namba ya kibinafsi. Niliporudi dukani, kijana hakuwepo, na mwenye duka akaniambia hakuna pesa yangu iliyoingia kwake. Alikuwa anasema kweli! Ujumbe wangu ulikuwa na jina la mtu asiyemjua.

Kwa hivyo lipa kwa till au paybill ya duka, na jina la biashara linapotokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Lisipofanana na lililo kwenye bango, simama. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba, till iko na shida", sema utasubiri ipone. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka amana kabla hujaiona mashine, mwambie utalipa ikiletwa na ukishaiwasha. Wala usitegemee kurejesha muamala. Huduma hiyo ipo kwa pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi, na laptopu mbovu haihesabiwi hivyo.

Dai risiti iliyoandikwa namba ya siri ya mashine, ile serial iliyo chini yake, pamoja na RAM, diski na muda wa waranti. Kama una biashara, dai ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo KRA haikubali uitoe kwenye hesabu ya kodi yako.

Mwaka huu nilinunua nyingine: i5 ya kizazi cha 8, 16GB, SSD ya 256GB, betri imebaki asilimia 81. Haina kibandiko chochote, kilishabanduka na kuacha alama ya gundi. Nililipa kwa till nikiwa nimeketi pale pale dukani, baada ya dakika arobaini za kuijaribu na Excel ya mteja wangu mkubwa kuliko wote. Ujumbe wa malipo, risiti na picha ya serial nimeviweka kwenye folda moja ya simu. Waranti inaisha Novemba.