Programu za Kujengwa na Programu za Vifurushi: Daftari Liwe Moja

Miongoni mwa mambo yanayovisumbua vyumba vya kompyuta vya shule za sekondari, limo moja lisilotajwa sana, kwa sababu halionekani mpaka limekwisha kuleta hasara. Nalo ni mashine moja kuwa na programu zilizotoka katika asili mbili zisizojuana.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, kama vile Debian na wenzake wa jamii ya Linux, au FreeBSD na ndugu zake, programu huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kifurushi. Wataalamu walio mbali huchukua maandishi ya mtunzi wa programu, yaani chanzo chake, wakayapitisha katika kompaila iyageuzayo kuwa lugha ya mashine, kisha wakayafunga pamoja na orodha ya vitu ambavyo programu hiyo huvitegemea. Mwalimu hutoa amri moja tu, na kifurushi hujifungua na kujiandikisha katika daftari la mashine. Njia ya pili ni kukichukua chanzo chenyewe na kuijenga programu papo hapo. Njia hii hula muda na umeme, lakini humpa mjenzi hiari ya kuongeza kilichokosekana, kuondoa kisichotakiwa, au kurekebisha kilichoharibika.

Wapo wanaoshauri kwamba shule za Kilwa na za pwani nzima ya Lindi zishike vifurushi tu, na chanzo kiachiwe vyuo vikuu. Rai hiyo ina busara yake, lakini haifai kufuatwa. Mwanafunzi asiyepata kuona programu ikijengwa ataijua kompyuta kama abiria aijuavyo jahazi: hupanda, hushuka, wala hajui mbao zimeshikwa na nini. Isitoshe, zipo haja zisizotimizwa na kifurushi cha mtu wa mbali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi hiyo isingewezekana kama chanzo kisingekuwa wazi. Lakini hapo hapo lipo fundisho la upande wa pili. Mwaka 2005 OpenOffice ilitoka katika toleo lake la 2.0, na tafsiri iliyofungwa kwenye toleo moja haihami yenyewe kwenda toleo lijalo. Lazima awepo mtu wa kuilinganisha upya, neno kwa neno, kila mara.

Basi ubaya hauko katika kujenga. Ubaya uko katika kujenga nje ya daftari.

Programu nyingi hazijitoshelezi; huazima kazi kutoka katika maktaba za pamoja, ambazo ni mafungu ya kanuni yanayotumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja. Tuseme fundi wa shule iliyoko Kilwa Masoko aliijenga programu fulani kwa mkono juu ya Debian 11, nayo ikafungamana na maktaba ya usimbaji iitwayo OpenSSL ya mfululizo wa 1.1. Mwezi Juni 2023 ikatoka Debian 12, ambayo huja na OpenSSL ya mfululizo wa 3. Shule ikapanda kwenda toleo jipya. Vifurushi vyote vilipanda pamoja, kwa kuwa vilijengwa kwa pamoja. Lakini ile programu ya mkono, ambayo daftari halina habari nayo, ilibaki ikiitafuta maktaba ya zamani. Siku maktaba hiyo itakapofagiliwa kama takataka, programu haitawaka, na huenda fundi aliyeijenga alikwisha hamia Nachingwea.

Hilo ni dogo, maana programu isiyowaka hujulikana siku hiyo hiyo. Baya zaidi ni ile inayoendelea kuwaka. Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa kasoro katika OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya mashine, pamoja na nywila na funguo za siri. Matoleo kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f yalikuwa na kasoro hiyo. Mashine zilizotumia vifurushi ziliponywa kwa amri moja. Lakini mashine ambamo mtu aliwahi kujenga nakala yake ya OpenSSL na kuiweka katika saraka ya /usr/local, daftari lilisema kila kitu ni kizima, na nakala ile ya pembeni ikaendelea kuvuja.

Watu wa Kilwa wanao mfano wa jambo hili karibu yao. Kuta za Msikiti Mkuu na za Husuni Kubwa, katika magofu ya Kisiwani yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Saruji ya mfukoni ni nzuri mahali pake. Lakini ikitiwa kiraka katika ukuta wa namna hiyo huwa ngumu kupita jiwe lililo jirani yake, huuzuia unyevu usipate pa kutokea, na chumvi huanza kulimega jiwe. Chokaa haina lawama, wala saruji haina lawama. Havikukusudiwa kukaa katika ukuta mmoja.

Watunzaji wa FreeBSD wamelikabili jambo hili kwa uwazi kuliko wengi. Tangu mwaka 1994 wana mkusanyo wa maelekezo ya kujengea programu, uitwao poti, na vifurushi vyao hujengwa kutokana na maelekezo hayo hayo. Tangu mwaka 2014 hukata tawi moja kila robo mwaka, na kwa kawaida vifurushi vya matoleo yao hutoka katika tawi hilo. Mtego uko hapa: mtumiaji akiuchota mkusanyo wa poti bila kutaja tawi, hupata shina, yaani maelekezo ya leo. Hapo atakuwa na vifurushi vya robo mwaka na programu alizojenga kwa maelekezo ya leo, akidhani vyote ni vya mama mmoja. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kujenga, achote tawi lile lile ambalo vifurushi vyake vimetoka. Afadhali zaidi ni kutumia chombo kiitwacho Poudriere, ambacho hujenga katika chumba safi kilichotengwa na kutoa vifurushi, si mafaili yaliyotawanyika. Kwa upande wa Debian, fundi aombe chanzo cha toleo lile lile alilonalo, atie marekebisho yake, aongeze alama yake katika namba ya toleo, kisha akifunge tena kuwa kifurushi kabla ya kukiingiza. Kifurushi kilichofungwa hapo shuleni huandikwa katika daftari sawa na kilichotoka ng'ambo. Kikitakiwa kisipandishwe ovyo, hutiwa kufuli kwa amri; na kufuli lenyewe pia huandikwa.

Kwa pwani ya Lindi lipo jambo la ziada. Mapema mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani hii, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya mbili za mawasiliano za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kwa siku kadhaa, njia ya lami na njia ya bahari zilisumbuka katika mwezi mmoja. Shule inayongoja kila kifurushi kutoka ng'ambo haina budi kukaa bure nyakati kama hizo, na shule iliyopata nusu ya vifurushi vya jana na nusu ya vya leo imo hatarini kuliko ile isiyopata kitu.

Kwa hiyo yafaa pawe na ghala moja la programu kwa shule za mkoa, lenye vifurushi vya tawi moja pamoja na chanzo chake, vyote vya tarehe moja. Diski ya terabaiti 1 hutosha kubeba toleo moja la Debian kwa aina moja ya mashine, chanzo kikiwamo, na husafirishwa kwa basi hadi Nangurukuru kama bahasha yoyote. Marekebisho ya usalama, ambayo hayapaswi kungoja basi, ni machache na mepesi. Hayo yapite kwenye mtandao wa simu usiku.

Atakayeuliza kwa nini chanzo nacho kihifadhiwe, na akumbuke mwezi Machi 2024. Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia katika mashine yake kunachelewa nusu sekunde hivi, aligundua hila iliyopandwa katika xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu moja ya hila ile ilikuwamo katika furushi lililotolewa kwa wajenzi, bali haikuwamo katika hazina ya chanzo iliyo wazi kwa wote. Waliokuwa na vyote viwili waliweza kuvilinganisha. Na shule yenye daftari moja ingeweza kujibu kwa amri moja kama xz ya matoleo hayo imo au haimo. Isiyo nalo ingelazimika kupekua mashine moja baada ya nyingine.

Linalobaki ni la utawala zaidi kuliko la sayansi. Ghala la namna hii halina maana bila saini ya kidijiti inayothibitisha kwamba kifurushi hakikuguswa njiani, na saini huhitaji ufunguo, na ufunguo huhitaji mtu wa kuutunza. Mtu huyo asiwe mmoja, maana walimu huhamishwa. Wawe angalau wawili, mmoja Lindi mjini na mwingine Kilwa, na kila mmoja aweze kujenga kifurushi kutoka chanzo kile kile akakilinganisha na cha mwenzake kabla hakijatiwa saini.